Kulinganisha Mifumo ya Kamera kwa Ukubwa, Uzito na Gharama: Mwongozo Kamili

Mtu anayetafuta kamera huambiwa mapema kwamba kihisi kidogo (kihisi ni sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga) huleta mzigo mwepesi na bei nafuu, na kwamba kihisi kikubwa ni uzito na gharama. Kauli hiyo haisimami hata kwa mfano mmoja wa karibu. Canon EOS R8 ya mwaka 2023, yenye kihisi kikubwa kiitwacho fremu kamili, ina gramu 461 pamoja na betri na kadi. OM System (zamani Olympus) OM-1 ya mwaka 2022, ambayo eneo la kihisi chake ni kama robo ya hicho, ina gramu 599, na iliingia sokoni Marekani kwa dola 2,200 wakati R8 iliingia kwa dola 1,500. Kinachoamua uzito na bei ya mfumo ni lenzi, na ndani ya lenzi ni upana wa tundu linalopitisha mwanga. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulinganisha mifumo kwa kufuata kanuni hiyo.

Uzito wote uliotajwa humu ni ule unaotangazwa na watengenezaji. Bei ni zile za Marekani siku bidhaa zilipozinduliwa, zikiwa zimekadiriwa kwenye namba kamili za karibu na bila kodi. Bei za leo zitakuwa tofauti, lakini uwiano baina ya bidhaa hubadilika polepole zaidi kuliko bei zenyewe.

Hatua ya kwanza: andika picha unazopiga

Kabla ya kufungua orodha ya bei, andika picha tatu au nne unazozipiga mara nyingi au unazolipwa kuzipiga. Kwa kila moja, taja umbali wako na unachokipiga, hali ya mwanga, na kama unataka mandharinyuma yafifie au kila kitu kionekane kwa ukali. Bibi harusi akiwa ukumbini jioni, ndege juu ya mti akiwa mbali, familia ya watu 30 iliyosimama kwa safu tatu, na duka linalohitaji picha za bidhaa ni kazi nne zenye mahitaji yasiyofanana. Mfumo unaoshinda katika moja unaweza kushindwa vibaya katika nyingine, kwa hiyo swali la mfumo upi ni mwepesi halina jibu mpaka picha ijulikane.

Hatua ya pili: fahamu vipimo vya vihisi

Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, na ndicho kipimo ambacho vingine hulinganishwa nacho. APS-C, kihisi kidogo kuliko hicho, ya Sony, Nikon na Fujifilm ina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na kizidisho chake ni 1.5, ile ya Canon ni ndogo kidogo, milimita 22.3 kwa 14.9, na kizidisho chake ni 1.6. Micro Four Thirds, mfumo uliotangazwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, una milimita 17.3 kwa 13 na kizidisho cha 2. Kihisi kinachoitwa cha inchi moja kina milimita 13.2 kwa 8.8 tu, kizidisho 2.7, jina lake ni urithi wa mirija ya kamera za video za zamani, na mtu asilichukulie kama kipimo halisi. Kwa upande wa juu, Fujifilm GFX ina milimita 43.8 kwa 32.9, na kizidisho chake ni 0.79.

Kizidisho ni namba inayokuambia lenzi fulani kwenye kihisi hicho itaona upana sawa na lenzi gani kwenye fremu kamili. Lenzi ya milimita 25 kwenye Micro Four Thirds huona sawa na ya milimita 50 kwenye fremu kamili.

Hatua ya tatu: geuza kila lenzi kuwa kipimo kimoja

Hapa ndipo matangazo mengi hupotosha, na ndipo inapofaa kutumia muda mrefu zaidi.

Watengenezaji hupenda kuzidisha urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) kwa kizidisho na kuiacha namba ya f, ambayo hupungua kadiri tundu linavyopanuka, ilivyo. Watakuambia kwamba lenzi ya milimita 300 f/4 ya Micro Four Thirds ni sawa na milimita 600 f/4. Kwa kasi ya shata, kauli hiyo ni sahihi: f/4 ni f/4 kwenye kihisi chochote, na kwa ISO ileile (kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) utapata kasi ileile. Lakini kihisi kidogo kinapokea mwanga huo kwenye eneo dogo, kwa hiyo jumla ya mwanga unaounda picha ni ndogo, na chengachenga, yaani vidoa vidogo vinavyochafua picha, hutegemea jumla hiyo. Kina cha ukali, yaani umbali wa mbele hadi nyuma unaoonekana kwa ukali, nacho hubadilika vivyo hivyo. Ukitaka ulinganisho wa haki, zidisha namba zote mbili: milimita 300 f/4 kwenye Micro Four Thirds hutoa picha inayofanana na ya milimita 600 f/8 kwenye fremu kamili, iwapo vihisi ni vya kizazi kimoja. ISO 800 kwenye kihisi kile kidogo itakuwa na chengachenga karibu sawa na ISO 3200 kwenye fremu kamili.

Ipo njia nyingine ya kufanya hesabu hiyohiyo, nami naipendelea kwa sababu haihitaji kukumbuka kizidisho. Gawanya urefu halisi wa fokasi kwa namba ya f, upate kipenyo cha tundu kwa milimita. Lenzi ya 300 f/4 ina tundu la milimita 75, na ya 600 f/4 ina tundu la milimita 150. Lenzi mbili zinazoona upana uleule na zenye kipenyo kilekile cha tundu zitakusanya mwanga uleule kutoka kwa kitu kilekile na kufifisha mandharinyuma kwa kiasi kilekile, vihisi viwe vya ukubwa wowote. Na kwa kuwa kioo cha mbele cha lenzi ya kupigia vitu vya mbali hakiwezi kuwa na kipenyo kidogo kuliko tundu lake, kipenyo hicho ndicho kinachobeba uzito na bei. Olympus 300 f/4 ina gramu 1,270 na iliuzwa dola 2,500. Sony 600 f/4 ina gramu 3,040 na iliuzwa dola 13,000. Watu huziweka hizi mbili bega kwa bega kuonyesha jinsi kihisi kidogo kinavyookoa mzigo, ilhali ya pili inapitisha mwanga mara nne ya ya kwanza.

Hatua ya nne: pima seti nzima, na usome maandishi madogo

Bodi, yaani kamera bila lenzi, peke yake haipigi picha. Jumlisha bodi, betri na kadi, lenzi zote utakazobeba, betri za akiba, chaja, vichujio, na stendi ya miguu mitatu kama unaihitaji. Angalia pia uzito unaotangazwa unahusu nini. Kwa R8 utakuta gramu 414 mahali pengine na gramu 461 pengine. Tofauti ni betri na kadi. Kwa lenzi ya Olympus 100-400 utakuta gramu 1,120 bila pete ya stendi na gramu 1,325 ikiwa nayo. Muuzaji hukuonyesha namba ndogo, na mpinzani wake hukuonyesha kubwa. Mizani ya jikoni humaliza ubishi, kama unaweza kuifikia bidhaa yenyewe.

Tuchukue picha ya kwanza, ile ya sura ya mtu yenye mandharinyuma yaliyofifia, ambayo ndiyo riziki ya wapiga picha wengi wa harusi. Lenzi ya kawaida kwa kazi hiyo ni ya milimita 85 au inayoona sawa nayo.

Sony A7 IV ya fremu kamili, gramu 658, pamoja na lenzi ya Sony 85 f/1.8 ya gramu 371, zinafika gramu 1,029 na dola 3,100. Tundu ni milimita 47. Fujifilm X-T5 ya APS-C, gramu 557, pamoja na lenzi ya 56 f/1.2 toleo jipya ya gramu 445, zinafika gramu 1,002 na dola 2,700. Tundu ni milimita 47 pia. OM-1 ya Micro Four Thirds pamoja na Panasonic Leica 42.5 f/1.2 ya gramu 425 zinafika gramu 1,024 na dola 3,800. Tundu ni milimita 35 tu. Canon R8 pamoja na RF 85 f/2 ya gramu 500 zinafika gramu 961 na dola 2,100, na tundu ni karibu milimita 43.

Seti nne, vihisi vya ukubwa wa aina tatu, na uzito wote umekusanyika karibu na kilo moja. Nafuu kuliko zote, tena nyepesi kuliko zote, ni ya fremu kamili. Ghali kuliko zote ni ile yenye kihisi kidogo zaidi, na bado haijafikia ufifishaji wa wenzake. Sababu si ya siri. Kutengeneza lenzi ya f/1.2 iliyo safi ni kazi ngumu na ghali, wakati lenzi ya f/1.8 ni ya kawaida kabisa. Kihisi kidogo kikitaka kufika kinapofika kikubwa kwa urahisi, hulazimika kununua vioo vya kifahari. Hali hiyo huonekana hata kwenye lenzi ya bei ya chini kabisa: Canon RF 50 f/1.8 ina gramu 160 na iliuzwa dola 200, ilhali Olympus 25 f/1.2, ambayo kwa ulinganisho wetu ni 50 f/2.4, ina gramu 410 na iliuzwa dola 1,200.

Fujifilm GFX 100S na lenzi yake ya 110 f/2 zina gramu 1,910 na ziliuzwa dola 8,800 kwa pamoja. Tundu lake ni milimita 55. Atakayelipa kiasi hicho kwa picha za sura awe na sababu nyingine zaidi ya mandharinyuma, kwa mfano wateja wa matangazo wanaochapisha mabango makubwa.

Sasa picha ya pili: ndege na wanyama wa mbali, pale mtu anapotaka kuona kama lenzi ya milimita 600.

| Seti | Kihisi | Jumla ya uzito | Bei ya uzinduzi | Inaona hadi sawa na | Tundu hapo |
|---|---|---|---|---|---|
| Sony A7 IV + 200-600 f/5.6-6.3 | Fremu kamili | g 2,773 | $4,500 | mm 600 | mm 95 |
| OM-1 + 100-400 f/5-6.3 | Micro Four Thirds | g 1,719 | $3,700 | mm 800 | mm 63 |
| Canon R8 + RF 600 f/11 | Fremu kamili | g 1,391 | $2,200 | mm 600 | mm 55 |
| Sony a6700 + 70-350 f/4.5-6.3 | APS-C | g 1,118 | $2,400 | mm 525 | mm 56 |
| Sony RX10 IV, lenzi haitoki | Inchi moja | g 1,095 | $1,700 | mm 600 | mm 55 |

Safu ya mwisho ya jedwali inastahili kusomwa kwa makini. Seti tatu za chini zina vihisi vitatu vya ukubwa tofauti sana, lakini tundu lao ni karibu sawa, na ndiyo maana hakuna hata moja inayoiacha nyingine mbali kwa uzito. Seti ya juu kabisa ina tundu linalokusanya mwanga mara tatu ya hizo, na unaulipia kwa mgongo wako na kwa mfuko wako. Anayesema kwamba RX10 IV ni mzaha kwa sababu kihisi chake ni cha inchi moja, kisha akanunua R8 na lenzi ya f/11, amebeba karibu gramu 300 za ziada ili apate, kwa upande wa mwanga peke yake, picha ileile.

Mwanga si kila kitu, lakini. RF 600 f/11 haina zuum wala haibadilishi tundu, na haiwezi kuonyesha kwa ukali kitu kilicho karibu kuliko mita 4.5: tembo akisogea kwenye gari, imekwisha. Haina pia kinga dhidi ya vumbi na mvua. OM-1 imepewa daraja la IP53 la kinga dhidi ya vumbi na maji, na kwa mtu anayeingia mbuga zenye barabara za vumbi wakati wa kiangazi, kinga hiyo inaweza kustahili dola mia kadhaa. RX10 IV ina lenzi moja ya kudumu inayoanzia upana wa milimita 24, jambo linaloondoa haja ya kubadilisha lenzi vumbini, lakini siku utakapotaka kitu zaidi ya hicho itakubidi uiuze yote.

Uzito unahesabika zaidi kwa safari za aina hii kuliko kwa harusi. Ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson mjini Nairobi, au Arusha, kwenda kwenye viwanja vya ndani ya hifadhi, kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 za mizigo yote, katika mabegi laini. Nguo na viatu vikichukua kilo 8, aliyechagua lenzi ya 600 f/4 yenye kilo 3 peke yake atakuwa anafanya hesabu mbele ya mizani huku wenzake wakipanda.

Kuna eneo moja ambako kihisi kidogo hushinda bila ubishi, nalo ni pale unapokubali tundu dogo. Olympus E-M10 Mark IV ina gramu 383. Lenzi yake bapa ya 14-42 ina gramu 93, na ya 40-150 ina gramu 190. Jumla ni gramu 666, karibu sawa na bodi tupu ya A7 IV ikiwa na betri yake, na unaona kuanzia milimita 28 hadi 300. Fremu kamili haina jibu hapo. Hata lenzi yake nyepesi ya mbali kama Canon RF 100-400 ina gramu 635 peke yake. Msafiri anayepiga mchana, asiyehitaji mandharinyuma ya kufifia, hana sababu ya kubeba zaidi ya hapo.

Hatua ya tano: pima umbo, si uzito tu

Bodi hazipungui kwa kufuata kihisi, kwa kuwa mkono wa mtu, skrini, betri na mtambo wa kutuliza mtikisiko havipungui. OM-1 ina upana wa milimita 134.8, na A7 IV ina milimita 131.3. Lenzi ndizo zinazoamua begi. Sony 200-600 ina urefu wa milimita 318 wakati wote, kwa hiyo inadai begi la mgongoni lililotengenezwa kwa ajili yake. Olympus 100-400 ina milimita 206 ikiwa imekunjwa, na inaingia begi la bega. Pima upande mrefu wa begi ulilonalo kabla ya kununua. Begi jipya la lenzi ndefu nalo lina uzito na bei, na watu hulisahau katika hesabu zao.

Hatua ya sita: hesabu gharama ya miaka, si ya siku ya kununua

Ongeza kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, mbali na ushuru na usafirishaji kwa anayeagiza nje. Ongeza vichujio: kipenyo cha milimita 95 cha Sony 200-600 hugharimu zaidi ya milimita 72 cha Olympus 100-400, na kadiri kipenyo kinavyopanda ndivyo kinavyozidi kuwa adimu madukani. Ongeza bodi ya pili kama unapiga harusi, kwa kuwa bibi harusi hatarudia kiapo kamera ikizimika.

Kisha uliza soko la mtumba la mji wako lina nini. Lenzi za Canon EF za kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) ni nyingi mikononi mwa wapiga picha wa Afrika Mashariki, na adapta ya Canon ya kuzifunga kwenye bodi za mfululizo wa R, kama R8, ina gramu 110 na iliuzwa dola 100. Mtu mwenye lenzi tatu za EF nyumbani tayari ana mfumo. Kwake gharama ya fremu kamili ni bodi na adapta. Anayeanza bila kitu ana hesabu tofauti kabisa. Lenzi za Micro Four Thirds zina faida kwamba za Olympus na za Panasonic hufungwa kwenye bodi za upande wowote, lakini faida hiyo ni ndogo pale ambapo hakuna jirani wa kuazimana naye wala fundi aliyewahi kuzifungua.

Hatua ya saba: weka kila picha na seti yake, kisha uchague

Rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza. Kwa kila picha, andika tundu dogo kabisa linalokutosha, na si lile unalolitamani. Picha ya familia ya watu 30 ni mfano mzuri: mwenye fremu kamili atafunga lenzi hadi f/8 ili safu zote tatu ziwe kali, na mwenye Micro Four Thirds atafika palepale kwa f/4, kwa kasi ileile ya shata na chengachenga zilezile. Faida ya kihisi kikubwa hutoweka kila unapohitaji kina.

Kama picha nyingi kwenye orodha yako ni za ukumbini usiku na za sura, chukua fremu kamili yenye lenzi za f/1.8, na usiogope uzito, kwa sababu hautakuwepo. Kama ni ndege alfajiri na jioni, huna njia ya mkato ya kukwepa tundu la milimita 75 au zaidi. Chagua kati ya Olympus 300 f/4 na Sony 200-600 kwa kuangalia kama unatembea kwa miguu au unakaa garini. Kama ni wanyama mchana, safari na picha za mtaani, seti ya APS-C au Micro Four Thirds ya chini ya kilo 1.2 itafanya kazi yote, na pesa inayobaki italipa siku mbili tatu za kuingia hifadhini. Bidhaa za duka hazihitaji mfumo wowote mahususi. Zinahitaji taa mbili na stendi imara, na bodi uliyonayo.

Ukishachagua, azima au kodi seti yenyewe kwa siku moja, uibebe kwa muda ule ambao kazi yako hudumu, pamoja na betri na begi lake. Bega likilalamika kabla ya saa sita mchana, rudi hatua ya nne uangalie ni lenzi ipi yenye tundu kubwa kuliko lile uliloandika kwamba linakutosha.